Namna ya kumpungia mwenye gari la spoti mwenzio

Wenye magari ya spoti wana salamu yao. Wakikutana barabarani, huyu anakwenda na yule anarudi, mkono hunyanyuka juu ya usukani, vidole vinafunguka, na kabla hujahesabu tatu wameshapishana. Anayeanza hudhani hakuna cha kujifunza hapo: nyanyua mkono, basi. Wiki mbili baadaye analalamika kwamba wenzake wana maringo, hawarudishi salamu. Mara nyingi maringo hayapo. Mkono wake ulichelewa, au kioo kiliuficha, au alimpungia mtu aliyekuwa katikati ya kubadilisha gia, magari matatu yakiwa nyuma yake. Salamu hii ina vipimo vyake vya umbali, muda na mahali pa mkono, na mwenye kuvijua hujibiwa zaidi kuliko mwenye kupunga kwa nguvu.

Nani apungiwe

Mila hii ilizaliwa na uchache. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Marekani ilianza kupokea vigari vidogo vya wazi kutoka Uingereza, hasa MG TC, iliyotengenezwa kati ya 1945 na 1949. Zilitoka kama 10,000 tu, zote usukani kulia, hata zile zilizokwenda kwenye nchi ya kuendesha kulia. Mwaka 1953 Chevrolet ikatoa Corvette ya kwanza: magari 300 kwa mwaka mzima, yote meupe, viti vyekundu. Ukiwa na gari la namna hiyo ukakutana na lingine kama lako, kupita kimya kungekuwa ni ukosefu wa adabu. Wenye Corvette wameishika salamu hiyo mpaka leo, hata baada ya magari kuwa mengi. Mazda MX-5 nayo, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, ilifikisha gari la milioni moja mwaka 2016, na bado wenyewe wanapungiana.

Hata hivyo wingi una athari zake. Mahali ambapo aina fulani hupita kila dakika tano, mikono huchoka. Kwa hiyo panga salamu zako kwa duara. Duara la ndani kabisa ni gari la aina yako, la mwaka wowote na la rangi yoyote: hilo lipungie kila mara hali inaporuhusu. Duara la pili ni ndugu wa karibu. Kwa mwenye MX-5, ndugu ni MGB, Triumph Spitfire, Alfa Romeo Spider na kila kigari cha viti viwili kilichofunuliwa paa. Paa lililo wazi huunganisha watu kuliko nembo. Duara la tatu ni magari mengine yote ya spoti. Hao wakikupungia, jibu. Usipopunga kwanza hakuna atakayekulaumu.

Magari marefu ya familia yanayotoka kiwanda kilekile hayamo. Mwenye Porsche 911 hana deni kwa mwenye Cayenne, na mwenye Cayenne kwa kawaida halidai. Akipunga, mjibu bila kusita. Mkono haugharimu kitu.

Nani aanze? Desturi iliyoenea ni kwamba gari jipya hulipungia gari la zamani kwanza. Watu husema ni heshima kwa mzee, na ni kweli, lakini kuna sababu ya kiufundi iliyo nzito zaidi. Dereva wa gari la miaka ya 1950 ana kazi nyingi. Usukani hauna msaada wa mota wala haidroliki, breki zinataka mguu mzito, na magari mengi ya Uingereza ya wakati huo hayana sinkronaiza, yaani kifaa cha kulainisha gia inapoingia, kwenye gia ya kwanza, kwa hiyo kuteremka gia ni shughuli ya mikono na miguu yote. Mwenye gari jipya ndiye mwenye mkono wa ziada. Aanze yeye, na asishangae jibu la mzee likiwa kidole kimoja tu kilichoinuka kwenye usukani. Hicho kidole ni salamu kamili.

Sekunde mlizo nazo

Hapa ndipo wengi hukosea. Ninyi wawili mkikimbia kilomita 80 kwa saa kila mmoja, mnakaribiana kwa kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 kila sekunde. Ukilitambua gari la mwenzio likiwa mita 150, una sekunde tatu na kitu mpaka mpishane. Kwa kilomita 50 kila mmoja unapata sekunde tano na nusu hivi. Kwa kilomita 100 hazifiki tatu.

Sekunde hizo tatu huzitumii zote kupunga. Zigawe hivi, kwa mwendo wa kilomita 80:

1. Kati ya mita 150 na mita 100, tambua gari na uangalie barabara. Hii inakula sekunde moja. Kama kuna mtu wa miguu, baiskeli, gari linalosubiri kukata, shimo au kona, salamu imeahirishwa.
2. Kwenye mita 100, mkono uwe umeshanyanyuka. Utulie juu, kiganja mbele.
3. Kuanzia hapo hadi mita 30, uache hapohapo. Ni sekunde moja na nusu, na ndiyo salamu yenyewe.
4. Chini ya mita 30, mkono urudi kwenye usukani. Kuanzia hapo mwenzio anaangalia pembeni ya gari lako na hauoni tena, na wewe unahitaji mikono yote miwili, kwa sababu gari kubwa likiwa nyuma yake, upepo wake unakuja kukupiga.

Katika sekunde hiyo na nusu umeendesha mita 35 kwa mkono mmoja. Kwenye barabara nyoofu, gari lililopangwa magurudumu vizuri, si neno. Kwenye gari linalovuta upande mmoja, au barabara iliyoinuka katikati inayolisukuma gari kuelekea ukingoni, mita 35 zinatosha kukutoa kwenye mstari. Jipime kwanza: mahali salama, legeza mkono mmoja kwenye mwendo wa kawaida uone gari linakwenda wapi. Likihama, peleka likapangwe magurudumu, na kwa sasa salimia kwa vidole tu.

Kutambua mapema ni ujuzi peke yake. Usisubiri nembo, haionekani kwa umbali huo. Angalia umbo: gari la spoti ni fupi kwa kimo na pana, na kichwa cha dereva kinakaa chini kuliko vichwa vya madereva wengine. Jina la Ford GT40 lilitokana na kimo chake cha inchi 40, kama mita moja tu. Ufupi huo ndio unaokunyima muda. Gari linajificha nyuma ya kilima kidogo au nyuma ya gari la mizigo, linaibuka likiwa mita 60, na kwa mwendo wa kilomita 80 hiyo ni sekunde moja na theluthi. Hapo usijaribu kupunga. Inua vidole tu, au liache lipite.

Baada ya umbo, taa. Kila aina ina sura yake kwenye taa za mchana, na baada ya mwezi mmoja macho yako yatazizoea bila kufundishwa. Corvette za 1963 hadi 2004 zina taa zinazofichwa, kwa hiyo mchana huja bila macho: ubapa mtupu, boneti refu. Hizo utazijua kwa ukosefu wa taa.

Mkono gani, na uwe wapi

Katika nchi za kuendesha kulia, usukani uko kushoto, unayepishana naye hupita kushoto kwako, na gia iko mkono wa kulia. Katika nchi za kuendesha kushoto, yote hayo yanageuka. Matokeo ni yaleyale kokote: mkono wa upande wa mlango, ulio karibu na mwenzio, ndio unaoshika usukani mkono mwingine ukiwa kwenye gia. Ukiunyanyua huo wakati unabadilisha gia, usukani hauna mtu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mikono: mkono wa gia urudi kwenye usukani kwanza, ushike imara mahali pa saa tatu au saa tisa ya mshale wa saa, ndipo mkono wa mlango unyanyuke. Kama gia inakungoja, kona inakuja au injini inalia, badilisha gia na usahau salamu.

Sasa mahali pa kuuweka. Katika gari lenye paa, mwenzio anakutazama kupitia kioo cha mbele, na kioo cha gari la spoti kimelala sana. Kioo kilicholala huakisi anga. Chini ya miti, dereva huonekana wazi kama aliyekaa barazani. Mahali peupe penye mawingu angavu, kioo chote kinageuka sinia la fedha na ndani hapaonekani kitu. Mkono uliobaki karibu na kifua umepotea kabisa. Usogeze mbele, juu ya ukingo wa usukani, vidole vikikaribia kioo bila kukigusa, na uwe upande wa katikati kidogo kuliko mlangoni. Mlangoni kuna nguzo ya kioo. Mkiwa mita 100 nguzo haina madhara kwa sababu mnatazamana karibu uso kwa uso, lakini kadiri mnavyokaribiana pembe inafunguka, na nguzo inaufunika mkono uliowekwa pembeni.

Kiganja kielekee mbele, kwa sababu kina mwanga kuliko mgongo wa mkono. Vidole vifunguke kidogo. Hakuna haja ya kupepea kushoto na kulia. Kitendo cha kunyanyua ndicho kinachovuta jicho, na mkono unaopepea unafanana na wa mtu anayeomba msaada. Glovu nyeusi ndani ya gari lenye dashibodi nyeusi hazionekani hata kidogo. Anayependa glovu achague za rangi ya mchanga.

Usipitishe mkono katikati ya usukani. Humo mna mfuko wa hewa, na ukifumuka hujaa kwa muda usiofika hata moja ya ishirini ya sekunde. Mkono uliokuwa mbele yake utarushwa usoni pako ukiwa na saa na pete zake. Pandisha mkono kwa nje ya duara la usukani, juu yake, na urudishe kwa njia hiyohiyo.

Jua nalo lina upande. Jua la jioni likiwa machoni pako, linaangaza ndani ya gari lako: wewe huoni vizuri, lakini mkono wako unaonekana. Punga hata kama humwoni sura. Jua likiwa mgongoni kwako, mambo yanageuka: wewe unaona kila kitu, mwenzio ameshusha kinga ya jua na anakunja uso. Asipojibu, si kosa lake.

Kuna salamu ndogo ya kuweka akiba: kiganja kinabaki kwenye usukani, vidole viwili au vinne vinanyooka. Ni ya barabara nyembamba, mwendo mdogo na kona za taratibu. Huonekana kwa karibu tu, kwa hiyo kwenye mwendo wa kasi haifiki.

Paa likiwa wazi

Gari la wazi ndilo linalopendeza kusalimia, kwa sababu hakuna kioo cha kupambana nacho: mkono unapita juu ya fremu ya kioo na unaonekana kutoka mbali. Kunja kiwiko, inua kiganja hadi usawa wa juu ya kichwa chako, ndani ya mwili wa gari.

Ndani ya gari, tunasisitiza. Mkono uliotoka nje ya mlango si salamu, ni indiketa. Marekani, mkono wa kushoto ulionyooka nje una maana ya kukata kushoto. Kiwiko kikikunjwa na kiganja kikaelekea juu, maana yake ni kukata kulia. Kikielekea chini, unapunguza mwendo au unasimama. Hebu itazame hiyo ya pili: mkono nje, kiwiko kimekunjwa, kiganja juu. Hiyo ndiyo picha ileile ya mtu anayepunga. Aliye nyuma yako kwa baiskeli au pikipiki ana haki ya kuamini unakata kulia. Uingereza, mkono wa kulia ulionyooka nje ni kukata kulia. Magari ya zamani ambayo indiketa zake hufa mara kwa mara hutegemea ishara hizi hasa, kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo awe mwangalifu mara mbili.

Upepo wa kilomita 100 kwa saa ukiingia kwenye kiganja kilichofunguliwa juu ya kioo, unausukuma mkono nyuma kwa ghafla, na anayeshtuka huvuta usukani kwa mkono wa pili. Kwa mwendo huo inua vidole vikiwa pamoja, kiwiko kikiwa kimeshikamana na mwili. Shati la mikono mipana funga vifungo.

Taa na honi

Ushauri wetu: ziache. Taa kali ikimulikwa mara moja, kila dereva anaisoma anavyotaka. Mmoja anaelewa "polisi wapo mbele". Mwingine anaelewa "zima full zako". Wa tatu anadhani gari lake lina hitilafu, anasimama kando kuchungulia magurudumu. Wa hatari zaidi ni yule anayesubiri kukata barabara kati yenu ninyi wawili: yeye huelewa "pita", na anapita. Sheria za barabarani za Uingereza zinasema wazi kwamba kumulika taa kuna maana moja tu, kuwajulisha wengine kwamba upo, na kwamba mtu asidhani ni ruhusa ya kupita. Watu wanadhani hivyohivyo.

Wanaomulika huwa wana sababu moja inayoeleweka: vioo vyao vina tinti na mkono hauonekani. Basi wamulike mara moja, kwa kuvuta kijiti na kukiachia hapohapo, mchana, barabara ikiwa tupu, kusiwe na njia panda wala gari la tatu. Kwenye baadhi ya magari ya zamani hakuna kijiti cha kuvuta. Swichi ya full iko sakafuni, kushoto mwa klachi, na kuikanyaga hakumuliki bali hubadilisha taa moja kwa moja. Hapo hata usijaribu.

Honi katika nchi nyingi ni ya kuonya hatari. Uingereza hairuhusiwi kupigwa gari likiwa limesimama isipokuwa kuna hatari, wala sehemu zenye makazi kati ya saa 5:30 usiku na saa 1:00 asubuhi. Kwa salamu ina kasoro nyingine: wa kushtuka ni aliye kando ya barabara.

Magari yenye taa zinazoinuka yana mzaha wake, kukonyeza: taa moja inafunguka, nyingine imelala. MX-5 za 1989 hadi 1997 zina mota moja kwa kila taa, kwa hiyo wenye kupenda hufunga swichi ya kuendesha upande mmoja. Barabarani ni salamu mbovu, kwa kuwa taa huchukua muda kuinuka na mwenzio ameshapita. Maegeshoni inachekesha, sawa. Kama unataka kuinua taa kwa mkono, mota ina kifundo chini ya kofia ya mpira, lakini chomoa fyuzi ya taa hizo kwanza. Mota ikiamka vidole vyako vikiwa humo, haisimami kuuliza. Corvette za 1968 hadi 1982 nazo hukonyeza bila kuombwa. Taa zao huinuliwa kwa mvuto wa hewa unaopita kwenye mipira myembamba, na mpira mmoja ukivuja, jicho moja huchelewa. Ukiona hivyo, rudisha salamu, kisha umwonee huruma fundi wake.

Kiganja wazi, si kila mahali

Ukivuka mipaka na gari lako, angalia vidole. Ugiriki, kiganja wazi kilichosukumwa mbele, vidole vimetanuka, ni tusi la zamani. Huko inua vidole viwili vya juu ya usukani bila kusukuma mkono. Uingereza, vidole viwili vilivyotengana mgongo wa mkono ukielekea mbele ni tusi. Kiganja kikielekea mbele ni amani, na kwa kasi ya barabarani hakuna anayepima upi ni upi, kwa hiyo viwili viache kabisa. Italia, usinyanyue kidole cha shahada na kidole cha mwisho kama pembe. Utakuwa umemwambia mtu habari za mkewe. Brazili, duara la kidole gumba na shahada si "safi kabisa" bali ni matusi. Dole gumba nalo lina sehemu zake halikubaliki. Mkono wa vidole vinne vilivyo pamoja, umeinuka tu bila kusukumwa, ndio usioleta kesi karibu kila mahali.

Waendesha pikipiki wana salamu yao, mkono ulioshushwa chini na vidole viwili. Wao kwa wao. Mmoja akikusalimia wewe uliye garini, jibu. Na ukiwa Ufaransa, pikipiki ikikupita baada ya wewe kusogea pembeni, ukaona mguu wa dereva umenyooka nje, hajakutishia teke. Ndiyo asante yake, kwa kuwa mikono ina kazi.

Hali zenye mambo yake

Usiku usipunge. Ndani ya gari ni giza na mbele yako kuna taa za mwenzio. Kwenye barabara kuu yenye ukuta katikati, vilevile achana nayo: macho yanayotafuta salamu ng'ambo ya ukuta hayaangalii gari lililo mbele. Katika mzunguko, kwenye kona, unapopita gari lingine, kwenye kivuko cha watu, mikono ibaki chini. Mvua ikinyesha, salamu ya vidole inatosha, na usitegemee jibu, kwa sababu vifutio na matone vinakula nusu ya unachoonyesha.

Msafara una hesabu yake. Magari 20 yanayofuatana kwa nafasi ya sekunde mbili, kwa kilomita 80, yanakaribia kilomita moja kwa urefu. Yatachukua kama sekunde 20 kukupita. Hakuna anayeendesha kwa mkono mmoja sekunde 20. Mpungie wa kwanza, shusha mkono, na ukiona barabara imetulia mpungie wa mwisho. Wa mwisho ndiye anayesahauliwa siku zote, na mara nyingi ndiye aliyebeba vifaa vya kuwatengenezea wenzake. Ukiwa wewe ndani ya msafara, usimjibu kila anayepunga. Aliye mbele yako akifunga breki, mkono wako unatakiwa kwenye usukani.

Mkiwa mnaelekea upande mmoja, salamu huenda nyuma. Aliyekupisha mshukuru kwa mkono ulioinuliwa katikati, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, ili auone kupitia dirisha la nyuma. Kwenye paa za turubai zenye dirisha la plastiki lililofifia, haoni chochote. Paa likiwa wazi, inua kiganja juu kidogo; likiwa limefungwa, umalize safari bila shukrani. Usikae sambamba naye mkiangaliana. Mtu wa pembeni anaona mashindano, na mwenzio naye anaweza kuona hivyohivyo.

Gari lililoagizwa lenye usukani upande usio wa nchi hiyo linampa dereva tatizo: anakaa ukingoni mwa barabara, mbali na wanaopishana naye, na mkono ulio upande wao ni wa gia. Mwenye abiria ampe kazi hiyo. Abiria yuko mahali ambapo watu wanatarajia dereva awe, mikono yake iko huru, na anaweza kupunga hata kwenye kona. Wengi watakaojibu hawatagundua kwamba aliyepunga hakuwa na usukani.

Usipojibiwa, kuna sababu nyingi kabla ya kiburi: kioo kiliakisi, alikuwa anabadilisha gia, amenunua gari jana na hajaambiwa, au gari ni la kukodi na yuko anatafuta swichi ya vifutio. Usigeuke kumtazama, usimulike taa kumkumbusha. Ukipishana naye tena kesho, punga tena.

Na itatokea utapungia gari lisilohusika, kigari cha kawaida chenye taa zinazofanana na zako kwa mbali. Mkono ukishanyanyuka usiurudishe kwa aibu katikati ya njia. Hilo ndilo linaloonekana vibaya. Malizia salamu mpaka mita 30, shusha, shika usukani. Naye atakujibu, karibu kila mara, kisha kwa kilomita mbili zinazofuata atakuwa anajiuliza mlijuana wapi.